Kiti cha Bungeni ni cha Nani? Julian Bond na Kiapo Alichonyimwa Georgia

Jumatatu ya Januari 10, 1966, wabunge wateule wa Georgia, kusini mwa Marekani, walikutana Atlanta kuapishwa. Katibu wa bunge akamwambia kijana mmoja, Julian Bond, mwenye umri wa miaka 25, akae kando. Wenzake wakaapa, wakakalia viti vyao. Yeye hakuapishwa, ingawa alikuwa ameshinda uchaguzi wa Juni 1965 kihalali na alikuwa tayari kutamka kiapo chote neno kwa neno.

Katika mafunzo ya elimu ya uraia narudi kwenye kisa hiki mara nyingi, kwa sababu watu huuliza: mtu akishachaguliwa, wabunge wenzake wanaweza kumfungia mlango?

Tuanze na neno linalotatiza. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja. Marekani ina majimbo ya namna nyingine, 50 kwa idadi, na kila moja lina katiba, gavana, mahakama na bunge lake. Bond hakuchaguliwa kwenda Kongresi ya Washington, yaani bunge la taifa zima. Alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Georgia, lenye baraza la wawakilishi na seneti, kuwawakilisha wakazi wa eneo moja la Atlanta.

Ushindi wenyewe ulikuwa na historia. Kwa miaka mingi kura za mashambani Georgia zilipewa uzito kuliko za mjini, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu za 1963 na 1964, ilipoagiza kura ya kila mtu iwe na uzito sawa. Mipaka ikachorwa upya, Atlanta ikaongezewa viti, na mwaka 1965 watu weusi wanane wakachaguliwa kuingia baraza la wawakilishi, ambalo halikuwa na mbunge mweusi kwa zaidi ya nusu karne. Saba kati yao waliapishwa siku ile. Bond ndiye aliyeachwa.

Kosa lake lilikuwa maneno, tena maneno ya kwenye simu. Bond alikuwa msemaji wa SNCC, chama cha vijana wapigania haki za raia alichoshiriki kukianzisha mwaka 1960. Januari 3, 1966, mwanachama wa SNCC, Sammy Younge, kijana aliyewahi kutumikia jeshi la majini, aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, baada ya mzozo kwenye kituo cha mafuta kuhusu choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia wito wa jeshi. Bond hakuliandika. Mwandishi wa habari alimpigia simu kumuuliza kama anakubaliana nalo, akajibu kwamba anakubaliana.

Wabunge 75 wakawasilisha pingamizi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu wa msimamo huo hawezi kuapa kwa dhati kuilinda Katiba. Kamati ikamhoji siku ileile, na hapa pana jambo ninalotaka msomaji alione vizuri. Bond alieleza kwamba anavutiwa na ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, kwa kuwa wanajua adhabu inayowangoja, lakini hajamshauri mtu yeyote achome ya kwake. Yake, alisema, iko mfukoni, na wakitaka ataitoa waione. Hakuna sheria aliyokuwa ameivunja. Hata hivyo kura zilipopigwa, 184 zilimkataa na 12 tu zikamkubali.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo Februari. Wananchi wa eneo lake wakamrudisha Bond yuleyule, bila mpinzani. Kamati ya bunge ikamkataa tena. Novemba akashinda mara ya tatu. Wakati huo Bond alikuwa ameshafungua kesi. Mahakama ya chini ilikuwa imeamua upande wa bunge kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, lakini Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sauti moja.

Jaji Mkuu Earl Warren ndiye aliyeandika uamuzi. Bunge, alieleza, lina haki ya kumtaka mbunge aape, ila wabunge walio wengi hawana mamlaka ya kupima moyo wa mwenzao kuona kama anaapa kwa dhati. Georgia ilidai pia kwamba mbunge abanwe katika kauli zake kuliko raia wa kawaida. Mahakama ikakataa: mbunge ana wajibu wa kutamka msimamo wake kwenye mambo yenye ubishi, ili waliomchagua wajue wamemtuma nani.

Mimi naona uzito wa hukumu hii uko hapo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 100, inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na wengi wetu tukisikia kinga ya mbunge tunawaza ukumbini. Bond alisema nje ya ukumbi, hata kabla hajauingia, na akalindwa kwa sababu uhuru wa kusema alikuwa nao tangu akiwa raia. Kuchaguliwa hakukumpunguzia.

Aliapishwa Januari 1967. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais, akajitoa: alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Mwaka 1975 alihamia seneti ya Georgia akakaa hadi 1987.

Mwaka 1986 aligombea kwenda Kongresi. Mpinzani wake katika kura za mchujo za chama alikuwa John Lewis, rafiki yake wa tangu enzi za SNCC. Bond aliongoza duru ya kwanza bila kufikisha nusu ya kura. Duru ya pili Lewis akamshinda kwa tofauti ndogo. Safari hii waliomkatalia kiti walikuwa wapiga kura wenyewe. Bond akaondoka kwenye siasa za uchaguzi, akaenda kufundisha chuo kikuu, na kuanzia 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi Marekani. Alifariki Agosti 15, 2015.