Plagi iliyochoka: maana yake na wakati wa kuibadilisha

Fundi akikwambia "plagi zimechoka", hajasema zimekufa. Plagi iliyokufa haitoi cheche kabisa, na hilo hata dereva wa juzi atalihisi. Iliyochoka bado inatoa cheche: gari linawaka, linakwenda, na mwenyewe anaapa kwamba halina shida. Ndiyo maana watu hukaa na plagi kuukuu miaka na miaka.

Plagi ni kidude cha chuma na kauri kinachofungwa kwenye kichwa cha silinda, ncha yake ikichungulia ndani, pale petroli inapowakia. Nchani kuna elektrodi mbili, moja katikati na nyingine imepinda juu yake kama ndoana. Zimeachiwa mwanya mdogo, katika magari mengi kati ya milimita 0.6 na 1.1. Betri ni ya volti 12 tu. Koili ndiyo inayopandisha umeme huo hadi maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, ili uruke mwanya ule na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Wenye dizeli hili haliwahusu, kwa sababu mafuta yao huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Zile hita plagi zao ni za kupasha injini ikiwa ya baridi.

Sasa piga hesabu. Katika injini ya kawaida ya mipigo minne, plagi hutoa cheche moja kila injini inapozunguka mara mbili. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni cheche 1,500, yaani 25 kila sekunde, kwa kila plagi. Kila cheche inaondoka na chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho. Taratibu kingo za elektrodi zinakuwa butu na mwanya unapanuka. Umeme huruka kwa urahisi kutoka kwenye ukingo mkali, kwa hiyo ukingo ukishalika koili hudaiwa volti nyingi zaidi kwa kazi ileile. Huko ndiko kuchoka kwenyewe. Inafika siku unakanyaga mafuta kupanda mlima, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, na cheche inashindwa kuruka. Mafundi husema injini inamisi.

Kwa kuwa mambo haya huenda polepole, dereva naye hujizoesha polepole. Anakanyaga zaidi kidogo, anajaza tangi mapema kidogo, hashtuki. Kwa maoni yangu, anayesubiri dalili amechelewa. Kipimo cha kuaminika ni kilomita. Plagi za kawaida, zenye elektrodi ya nikeli, kwa kadirio hubadilishwa kati ya kilomita 30,000 na 50,000. Za platinamu na iridiamu huchukua muda mrefu zaidi, nyingi hufika 100,000, na baadhi hupita hapo. Lakini neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako, maana injini hazifanani. Ukinunua gari lililotumika na hujui limefungwa plagi zipi wala lini, usikisie. Fungua moja uitazame. Ya iridiamu utaitambua kwa elektrodi ya katikati iliyo nyembamba kama sindano.

Dalili zenyewe ni hizi: gari linasumbua kuwaka asubuhi, linatetemeka likiwa limesimama injini inanguruma, linakuwa zito kuongeza kasi, linakunywa mafuta. Tatizo ni kwamba koili mbovu, nozeli chafu ya kupulizia petroli au chujio la hewa lililoziba nayo yanaweza kuleta hayohayo. Taa ya injini ikiwaka, pima kwa mashine kabla ya kununua chochote. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu, kwani petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kataliti, kifaa cha kusafisha moshi ambacho bei yake haifanani hata kidogo na ya plagi.

Plagi ikishatoka, isome. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni afya njema. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, kuna oili inayopenya hadi ndani ya silinda, na hapo plagi mpya zitakupa nafuu ya siku chache tu, ugonjwa uko kwingine. Nyeupe iliyobabuka imepata joto kupita kiasi. Huenda hewa imezidi petroli, au umefungiwa plagi isiyo ya injini hiyo. Plagi mbili zinaweza kulingana kwa uzi na urefu, lakini uwezo wake wa kupoza ncha ukatofautiana, kwa hiyo nunua kwa namba na si kwa sura.

Badilisha zote kwa pamoja. Kufunga moja mpya kati ya tatu kuukuu ni kuahirisha kazi. Subiri injini ipoe, hasa kama kichwa chake ni cha aluminiamu, kwa sababu nyuzi zake huharibika upesi kikiwa cha moto. Anza kufunga kwa mkono mpaka plagi ikae, ndipo ushike spana, na usiikaze kwa hasira. Mwanya upime hata kama boksi linasema umeshapimwa, ila ncha ya iridiamu usiibonyeze wala kuisugua kwa brashi ya waya, ni rahisi kuvunjika. Zile za zamani zipange kwa mfuatano wa silinda zilikotoka. Moja ikiwa na rangi tofauti na wenzake, utajua ni silinda gani ya kuchunguza.