Je, wajua kwa nini maua uliyoyakosa bondeni hukungoja mlimani?

Ukifika chini ya Mlima Rainier, jimbo la Washington nchini Marekani, mwishoni mwa Julai, utadhani umechelewa. Maua mengi ya bondeni yameshapukutika. Usigeuze gari, endelea kupanda.

Barabara inayokata msitu kutoka Longmire, takribani mita 840 juu ya usawa wa bahari, hadi Paradise, mita 1,646, haifiki hata kilomita 20. Kwa mimea, umbali huo ni karibu mwezi mzima. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na mmea wa huko hauchanui mpaka joto litoshe. Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu Andrew Hopkins alitoa kanuni yake: kila futi 400 za kupanda, yaani mita kama 120, machipuo na maua huchelewa siku 4. Piga hesabu kutoka Longmire hadi Paradise, utapata siku 26 au 27.

Hayo ni makadirio tu, maana theluji nayo ina neno lake. Kwetu karibu na ikweta maua hufuata zaidi mvua. Pale Paradise hufuata kuyeyuka kwa theluji, ambayo kwa mwaka huanguka takribani mita 16. Msimu wa 1971 hadi 1972 zilianguka zaidi ya mita 28! Ndiyo maana maua hufikia kilele kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti. Yungiyungi jeupe la huko, Erythronium montanum, halina subira: hutoboa ukingo wa theluji ambayo bado inayeyuka. Na kama upande wa mlima unaotazama kusini umeshamaliza kuchanua, zunguka ule wa kaskazini. Jua huuchelewa, na maua vilevile.

Lakini kwa nini njiani maua mengi utayaona kando ya barabara, na si ndani ya msitu? Ingia hatua chache chini ya ile miti mirefu jamii ya misonobari uone giza lilivyo. Barabara imefungua dari, jua likashuka mpaka chini. Udongo umechimbuliwa, mbegu ikapata mahali pa kushika. Mtaro nao hukusanya maji. Kwa hiyo tafuta maua kwenye kona zenye mwanga na pale vijito vinapovuka. Ukishafika kwenye mbuga za juu, tembea njiani tu: mimea ya huko ina wiki chache za kukua kwa mwaka, na penye kukanyagwa huchukua miaka kupona.

Ninalolipenda kuliko yote kando ya barabara hizo ni Chamaenerion angustifolium, la rangi ya waridi iliyokolea. Wamarekani huliita gugu la moto, kwa sababu huwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuota palipoungua. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 80,000, kila moja na manyoya yake ya kupeperukia. Nalo pia huchanua kwa kupanda, kuanzia chini ya shina kwenda juu. Kule Alaska watu huitazama ncha yake: ua la mwisho likifunguka, wanajua majira ya joto yanaaga.