Ganda la Yai Hujengwa Usiku: Madini Katika Chakula cha Kuku

Mfugaji akija ofisini kwetu na trei ya mayai yenye nyufa, mara nyingi anakuwa na jibu lake tayari: mbegu mbovu, au ugonjwa wa kideri umeingia bandani. Sisi humwomba alete kwanza chakula anachowapa kuku. Tunakimwaga mezani, tunakichambua, tunamuuliza ametia kilo ngapi za nini. Tunakuta pumba nyingi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, na chokaa iliyotiwa kwa kukisia, viganja viwili vitatu kwa gunia zima.

Tupige hesabu pamoja. Ganda la yai karibu lote ni kabonati ya kalsiamu, na yai moja humtoa kuku gramu 2 za kalsiamu au zaidi kidogo. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na mwili wake hufyonza takriban nusu tu ya kalsiamu aliyokula. Kwa hiyo chakula chake kinahitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Mahindi na pumba karibu hazina kalsiamu kabisa, na mashudu yana kidogo mno. Anayechanganya chakula nyumbani atahitaji kilo 8 hadi 9 za chokaa ya mifugo katika kila kilo 100, mbali na ile kalsiamu inayotoka kwenye dagaa na unga wa mifupa. Wafugaji wengi hushtuka wakisikia kiasi hicho, lakini ndicho kuku anachokihitaji.

Kalsiamu ikipungua, kuku haachi kutaga siku ileile, na hilo ndilo linalotudanganya. Ganda huchukua saa kama 20 kujengwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala, hali kitu. Hutumia kilichobaki tumboni, kisha hugeukia mifupa yake. Kuku anayetaga ana mfupa laini wa akiba ndani ya mifupa ya miguu, unaojazwa mchana na kutumiwa usiku. Akiba isiporudishwa, mfupa wenyewe hubomolewa ili ganda lipatikane. Asubuhi moja unamkuta kuku aliyekuwa akitaga vizuri amelala ubavu, macho maangavu, chakula anakitaka, ila miguu haimbebi. Wengine hudhani ni mahepe, ugonjwa unaopoozesha miguu, wanamchinja, na mfupa wa paja unakatika kama kijiti kikavu. Inaniuma kila nikiona hivyo, kwa kuwa kuku huyo alikuwa anajimaliza mwenyewe ili mwenye banda apate trei yake.

Kwa sababu ganda hujengwa usiku, muda wa kula na ukubwa wa chembe vina uzito wake. Chokaa laini kama unga hupita tumboni haraka. Chembe za ukubwa wa punje ya mtama, ziwe za mawe ya chokaa au za maganda ya chaza na konokono yaliyopondwa, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu hadi alfajiri. Tunashauri nusu ya chokaa au zaidi iwe ya chembe, na alasiri kuku wasikose chakula. Hata maganda ya mayai ya jikoni yanafaa: yachemshe, yaanike, yaponde mpaka yasifanane tena na yai, kuku wasije wakajifunza kula mayai yao.

Neno chokaa lenyewe limewaponza watu. Chokaa ya kupaka ukutani imechomwa tanuruni. Ni kali, huunguza mdomo na utumbo, haifai kabisa kwa chakula. Yapo pia mawe ya chokaa yenye magneziamu nyingi, ambayo huwaharisha kuku na kuwapunguzia ubora wa ganda. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mifugo.

Tukishawaambia watu habari za kalsiamu, wengine hukimbilia upande wa pili. Kuna wanaowapa vifaranga chakula cha kuku wanaotaga kwa sababu gunia limebaki, au wakiamini mifupa itakomaa upesi. Kifaranga na tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, wanahitaji kalsiamu ya asilimia 1 hivi. Ukiwapa mara nne ya hapo kwa wiki kadhaa, figo huharibika, na ukipasua maiti unakuta utando mweupe kama unga wa chaki umefunika moyo na ini. Wanaopona hubaki na figo dhaifu maisha yao yote. Chakula cha kutagia kianze wiki kama mbili kabla ya yai la kwanza, si mapema zaidi. Kalsiamu ikizidi pia huzuia ufyonzaji wa zinki na manganizi, kwa hiyo unatibu mguu huku ukiuharibu.

Kalsiamu haitoshi bila fosforasi. Pumba zina fosforasi nyingi kwenye karatasi, lakini karibu theluthi mbili yake imefungwa katika faiteti, aina ya fosforasi iliyomo katika mbegu na pumba, ambayo kuku hawezi kuivunja vya kutosha. Ndiyo maana tunaongeza DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) au unga wa mifupa iliyochomwa vizuri. Kuku anahitaji pia vitamini D, la sivyo kalsiamu itapita tu. Kuku wa kienyeji anayezurura huipata juani. Vifaranga waliofungiwa ndani bila vitamini hiyo hupata matege, hata wakiwa wa kienyeji.

Chumvi ya mezani gramu 300 kwa kilo 100 inatosha. Ikikosekana kuku hudonoana na kupunguza mayai. Ikizidi, hasa kama dagaa walitiwa chumvi, wanakunywa maji bila kukoma, kinyesi kinalowa, vifaranga wanakufa.

Madini mengine hupimwa kwa miligramu: manganizi, ambayo upungufu wake huifanya kano ya kisigino iteleze na mguu kupinda nje, zinki ya manyoya na ngozi, seleniamu, ambayo pengo kati ya kiasi kinachofaa na sumu ni dogo sana. Haya usiyapime mwenyewe. Nunua primiksi, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini uliokwisha kupimwa, inayolingana na umri na aina ya kuku, fuata kipimo cha kwenye mfuko, uitunze mahali pakavu pasipo joto. Changanya kwanza na kilo mbili za unga wa mahindi, kisha na kilo kumi, ndipo uimwage kwenye rundo lote. Ikimwagwa moja kwa moja, kuku mmoja atakula dozi ya kuku kumi na mwenzake asipate chochote.

Kwa wafugaji wa Dar es Salaam na Tanga, Januari na Februari zina tatizo lake. Kuku akihema kwa joto hupoteza hewa ukaa, damu inabadilika, na ganda linakuwa jepesi hata kama chokaa ipo. Tena anakula kidogo. Mpe chakula alfajiri na jioni, na maji ya baridi mchana kutwa.

Mayai yakilainika ghafla na kuku wakikoroma au wakiharisha kijani, usisubiri chokaa ifanye kazi, ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Lakini kama kuku ni wazima na nyufa zinaongezeka wiki hadi wiki, njoo na kilo moja ya chakula kutoka kwenye vihori, si kutoka juu ya gunia, pamoja na mfuko wa primiksi na orodha ya ulivyochanganya.