Kilichomo Ndani ya Mfupa wa Mgongo

Tunapomwomba mzazi ruhusa ya kumtoa mtoto wake maji ya mgongoni ili tupime homa ya uti wa mgongo, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Hatapooza?" Wengine hawaulizi, wanakataa tu, na saa zinapita huku mtoto ana ugonjwa usiotaka kucheleweshwa. Swali hilo ni halali, na kumwambia mtu "usiogope" si jibu. Jibu lipo katika maumbile ya mgongo wenyewe.

Kinachotuchanganya kwanza ni jina. Tukisema uti wa mgongo, mara tunamaanisha mfupa, mara tunamaanisha kilichomo ndani yake. Mfupa ni ule unaoupapasa ukipitisha vidole katikati ya mgongo, pingili juu ya pingili. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo yakipangana yanakuwa mfereji. Ndani ya mfereji huo inapita kamba laini, nyeupe, unene wake unakaribia kidole kidogo cha mkono. Wataalamu huiita ugwe mgongo.

Ugwe huo haujatengana na ubongo. Ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa takriban kilo 1.4, umekaa ndani ya fuvu. Shina lake linashuka kupitia tundu kubwa chini ya fuvu, na likishapita hapo ndipo tunaliita ugwe. Vyote viwili vimefunikwa na tando tatu, na katikati ya tando hizo kuna maji maangavu, kama mililita 150 hivi kwa mtu mzima. Mwili hutengeneza karibu mililita 500 za maji hayo kila siku, kwa hiyo kiasi kidogo tunachochukua kupima hurudishwa baada ya muda mfupi. Homa ya uti wa mgongo ni uvimbe wa tando hizo. Mfupa hauna kosa lolote.

Sasa sindano. Mimba ikiwa changa, ugwe hujaza mfereji wote wa mgongo. Baadaye mifupa hurefuka haraka kuliko ugwe, nao unabaki juu. Kwa mtu mzima ugwe una urefu wa sentimita 45 hivi, na unakomea usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mfereji unaendelea, lakini ndani yake kuna maji na neva nyembamba zinazoning'inia, ambazo madaktari huziita mkia wa farasi. Sindano huingizwa huko chini, na kwa mtoto mchanga tunashuka zaidi, kwa sababu ugwe wake bado unafika chini kidogo kuliko wa mtu mzima. Neva hizo huelea, na sindano ikipita husogea pembeni, kama majani marefu ndani ya maji unapopitisha kijiti.

Sitaki kuficha upande wa pili. Kichwa kinaweza kuuma siku moja au zaidi baada ya kipimo, na mgongo kuuma pale ulipochomwa. Yupo pia mgonjwa tunayemwahirishia, kwa mfano mwenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu au ambaye damu yake haigandi vizuri. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu hayo yote kabla ya kukubali.

Ugwe wenyewe hufanya nini? Wengi wanaudhani ni njia tu ya kupitishia amri za ubongo. Kumbuka siku uliyogusa sufuria ya moto bila kujua: mkono ulitoka kwanza, maumivu yakafuata. Habari ya moto ilipofika kwenye ugwe, ugwe ukaamuru misuli hapo hapo, bila kungoja ubongo. Daktari anapokugonga kwa nyundo ndogo chini ya kifuniko cha goti, hapimi goti. Anasikiliza kama sehemu fulani ya ugwe, kiunoni, bado inajibu.

Kutoka kwenye ugwe hutoka jozi 31 za neva, kila jozi na eneo lake. Ndiyo maana mahali ulipoumia ndipo panapoamua kinachopotea. Ukiumia kiunoni, miguu inaweza kufa ganzi huku mikono ikifanya kazi. Shingoni ni hatari zaidi, kwa sababu neva zinazoendesha kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hutoka huko.

Hapa ndipo naumia kila mara. Mtu ameanguka kutoka juu, pingili ya shingo imevunjika lakini ugwe bado mzima, kisha watu wenye huruma wanamkalisha na kumnyanyua kwa makwapa. Ugwe ukikatwa haujiungi tena kama mfupa. Kama hakuna moto wala hatari nyingine na anapumua, muache alipo, mwambie asigeuze shingo, shika kichwa chake kwa mikono miwili kama kilivyo mpaka wahudumu wafike. Mwenzako amguse vidole vya miguu na kumuuliza kama anahisi, kisha amweleze jibu hilo mhudumu wa kwanza atakayefika.