Anayezama hapigi kelele

Wazazi wengi wenye bwawa la kuogelea nyumbani hujipa moyo kwamba mtoto akitumbukia atapiga mayowe na kurusha maji, nao watamsikia wakiwa jikoni. Sivyo. Mdomo wa anayezama huibuka kwa muda mfupi mno, usiotosha hata kuvuta pumzi vizuri, sembuse kuita. Mikono nayo haipungi. Huyakandamiza maji ili kichwa kiinuke. Kwa kawaida haipiti dakika moja kabla hajazama. Kimya kabisa.

Ndiyo maana wataalamu hutegemea uzio kuliko masikio. Uzunguke bwawa pande zote nne (ukuta wa nyumba wenye mlango wa kutokea bwawani haufai kuhesabiwa, ingawa wengi huuhesabu), uwe na kimo cha walau mita 1.2, na usiwe na pa kukanyagia. Geti lifunguke kuelekea nje na kujifunga lenyewe, komeo likiwa juu asikofikia mtoto.

Nchini Ufaransa, sheria ya 2003 humtaka mwenye bwawa lililochimbwa ardhini aweke angalau kimojawapo: uzio, kifuniko, banda la kulifunika bwawa zima au king'ora. King'ora, kwa maoni yangu, ndicho dhaifu kuliko vyote: kile cha majini hulia mtoto akiwa ameshatumbukia.