Je, wajua kwa nini mtu hupaliwa?

Unakunywa chai huku unacheka, ghafla inakupalia. Machozi yanakutoka, unakohoa mpaka mishipa ya shingo inasimama, na aliye karibu anakuambia pole. Chai imepotea njia, na mahali ilipopotelea ni hapo kooni.

Shuleni tulifundishwa mifumo ya mwili mmoja mmoja: leo upumuaji, wiki ijayo mmeng'enyo wa chakula, halafu damu, misuli na fahamu. Ndani ya mwili hakuna mpaka wa namna hiyo. Pua iko juu ya mdomo, lakini koo la hewa liko mbele ya umio, ule mrija wa chakula. Kwa hiyo hewa hutoka nyuma ikaja mbele, chakula hutoka mbele kikaenda nyuma, na njia hizo mbili hukatana kooni. Ni njia panda hasa.

Jaribu sasa hivi. Weka kidole kwenye kongomeo, kile kinundu cha shingoni, kisha meza mate. Umekisikia kikipanda? Kinapopanda hujificha chini ya shina la ulimi, kifuniko cha gegedu kiitwacho epiglotisi huinama juu ya mlango wa hewa, na nyuzi za sauti hujifunga. Sehemu laini ya kaakaa nayo huinuka kuziba njia ya puani. Pumzi husimama kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Haya yote huamrishwa na shina la ubongo, nawe huna habari.

Sasa, kucheka na kuongea kunataka mlango huohuo uwe wazi. Ndiyo maana wazee wetu walitukataza kuongea na tonge mdomoni, na walikuwa na haki.

Kikohozi ndiyo njia ya mwili kujiokoa, kwa hiyo anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Wa kuhofiwa ni yule asiyeweza kukohoa wala kusema: mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kilichokwama kisipotoka, simama nyuma yake, ufunge ngumi juu ya kitovu chake na ubane kwa kuvuta ndani na juu mara 5, ukibadilishana hivyo huku msaada ukiitwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo kamwe. Na tafadhali, karanga nzima zisipewe watoto wadogo. Zikipenya, mara nyingi huishia pafu la kulia, kwa kuwa bomba lake ni pana zaidi na limenyooka zaidi kwenda chini.

Tonge lililopita salama huingia kwenye umio, wenye urefu wa sentimita 25 hivi, na misuli hulisukuma kwa kulikamua. Hata ukiwa kichwa chini miguu juu lingefika tumboni. Kwenye utumbo mwembamba sukari yake huingia kwenye damu. Damu hiyohiyo huchukua oksijeni mapafuni. Basi chakula na hewa vilivyotenganishwa kooni hukutana tena humo, moyo ukivisukuma, lita 5 hivi kila dakika ukiwa umetulia, hadi kwenye seli. Humo sukari huunguzwa kwa oksijeni ili ipatikane nguvu, ikiwemo ile ya kumezea tonge linalofuata.