Kujiamini kunakostahimili kukosolewa

Korosho zikifikishwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, karani huchota sampuli kutoka kwenye gunia, huimwaga na kuikagua: kuna mchanga, kuna mabaki ya bibo, kuna ambazo hazijakauka, kuna zilizobunguliwa? Kisha hutaja daraja. Mkulima akiambiwa mzigo wake ni daraja la pili, mbele ya wenzake waliopanga foleni, atakachofanya dakika ile kinategemea zaidi nafsi yake ilivyojengeka kuliko korosho zenyewe.

Wapo wanaofoka: karani hajui kazi, chama kina upendeleo, watu wa kijiji hiki wana wivu. Wapo wanaonyamaza, wakaondoka wakijisemea "mimi tangu zamani sina bahati", na msimu unaofuata wanawauzia watu wa kangomba, wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa ili mradi wasisimamishwe tena mbele ya watu. Na wapo wanaokunja uso, maana jambo lenyewe linauma, halafu wanasema: "Ndugu yangu, hebu nionyeshe zilizoharibika ni zipi." Wakionyeshwa, wanagundua kwamba hazikupata siku za kutosha juani, au zilichanganywa na za wiki iliyotangulia zilizolala kwenye unyevu. Karani naye anaweza kukosea au kupendelea, na hapo pia huyu aliyeuliza ndiye mwenye uwezo wa kudai mzigo ukaguliwe upya, kwa sababu ana hoja, hana hasira tupu.

Huyo wa tatu ana kile ambacho wataalamu wa saikolojia hukiita nafsi yenye afya. Mwaka 1923 daktari wa Vienna, Sigmund Freud, aliieleza nafsi hii kuwa ni sehemu ya mtu inayosuluhisha kati ya pande tatu: matamanio yake, sauti ya dhamiri inayomhukumu, na hali halisi ya mambo. Mengi aliyoandika Freud yamepingwa tangu wakati huo, lakini wazo hili bado linafaa kazini. Nafsi ikiwa imara, mtu anaweza kutaka sifa, akajilaumu kidogo, na bado akaona ukweli ulio mbele yake. Ikiwa dhaifu, upande mmoja unameza mwingine: ama anaukana ukweli ili abaki mkubwa, ama anajihukumu hadi hana nguvu ya kurekebisha chochote.

Ndiyo maana majivuno na unyonge, vinavyoonekana kama mashariki na magharibi, vina mzizi mmoja. Wote wawili, mwenye kujikweza na mwenye kujidharau, wametundika thamani yao kwenye macho ya watu. Mmoja analinda asionekane mdogo, mwingine ameshakubali kuwa ni mdogo. Ukitaka kumtambua mwenye nafsi yenye afya, usiangalie anavyotembea wala anavyovaa. Sikiliza kama anaweza kusema maneno manne bila kuongeza maelezo marefu: "sijui", "nimekosea", "hapana", na "hongera" kwa mtu anayeshindana naye. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kwa wanaotaka kipimo cha kitaalamu, kinachotumika zaidi duniani ni cha Morris Rosenberg wa Marekani, cha mwaka 1965. Kina sentensi 10, tano za kujikubali na tano za kujikataa, na kila moja ina majibu manne kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Hakigundui ugonjwa. Kinamsaidia mshauri kuona mtu anapoanzia na, baada ya miezi kadhaa, kama amesogea.

Kabla ya kueleza kinachojenga, tuondoe kisichojenga, kwa sababu kinauzwa sana siku hizi kwenye semina na kwenye simu. Watu wanaambiwa wasimame mbele ya kioo kila asubuhi wajitamkie kwamba wao ni washindi. Mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake huko Kanada walijaribu jambo hili, wakakuta kwamba watu wanaojithamini kidogo walipojirudia sentensi nzuri kuhusu nafsi zao walijisikia vibaya zaidi. Sababu si ngumu kuielewa: ukijiambia jambo ambalo moyo wako hauliamini, moyo unajibu, na majibu yake ni orodha ya kila mahali uliposhindwa. Kadhalika, mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 na Roy Baumeister na wenzake yalionyesha kwamba kupandisha hali ya kujithamini peke yake hakumfanyi mwanafunzi afaulu. Kwa kiasi kikubwa mambo huenda kinyume chake: kufanya vizuri ndiko kunakoleta kujithamini.

Basi kujiamini kunatoka wapi? Jibu lililosimama vizuri ni la mwanasaikolojia Albert Bandura, la mwaka 1977. Alitaja vyanzo vinne: kufanya jambo na kulifanikisha mwenyewe, kumwona mtu wa hali yako akilifanikisha, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyoutafsiri mwili wako unapokuwa na wasiwasi. Chanzo cha kwanza kinashinda vingine vyote kwa nguvu, na ndicho tunachokishughulikia zaidi hapa.

Kanuni yake ni ngazi. Tuchukue mama aliye kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, pale Mikindani au Nachingwea. Ana mawazo mazuri, lakini kikao kikianza hafungui mdomo. Aandike vitendo sita au saba vinavyohusu kusema mbele ya watu, na kila kimoja akipe alama ya woga kutoka 0 hadi 10. Kukaa mstari wa mbele, 2. Kumwuliza mwenyekiti swali baada ya kikao kufungwa, 3. Kuunga mkono hoja ya mwenzake kwa sentensi moja, 4. Kuuliza swali katikati ya kikao, 6. Kusoma mbele ya wote hesabu ya hisa za wiki, 7. Kupinga pendekezo la kiongozi, 9. Aanzie kwenye 3 au 4, si chini sana kiasi kwamba hajifunzi kitu, wala juu sana. Arudie kitendo kilekile kila kikao mpaka alama ya woga ishuke kufikia kama nusu, ndipo apande. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kitampa nafasi ya kumaliza ngazi kwa miezi miwili au mitatu.

Makosa yanayoharibu zoezi hili yanajulikana. La kwanza ni kurukia 9 kwa sababu mtu amehamasishwa jana yake kwenye mkutano. Akikwama, anapata ushahidi mpya wa kwamba hawezi. La pili ni kukimbia katikati. Moyo ukienda mbio akatoka nje, nafuu anayoipata kule nje inaufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kikao kijacho woga unakuja mapema zaidi. Abaki. Wasiwasi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka wenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache ikiwa mtu hakuondoka. La tatu halionekani kirahisi: ni zile kinga ndogo ndogo, kama kumtuma jirani aseme kwa niaba yako, kusema kwa haraka huku umeinamia karatasi, au kuanza kila sentensi kwa "samahani, labda nimekosea". Ukifanikiwa ukiwa na kinga, sifa inaenda kwa kinga. La nne ni kutoandika. Kabla ya kikao andika unachotarajia kitatokea ("watanicheka"); baada ya kikao andika kilichotokea kweli ("wawili waliitikia, mmoja alikuwa anachezea simu, hakuna aliyecheka"). Bila maandishi, akili yenye unyonge inafuta mafanikio usiku huohuo.

Chanzo cha pili, kuwaona wengine, kina sharti moja ambalo wazazi wengi hulikosea. Mfano unafanya kazi pale anayeangaliwa anapofanana na anayeangalia, na hasa anapoonekana akihangaika kabla hajaweza. Kumwambia binti wa kidato cha pili Tandahimba amwangalie waziri hakumsaidii kama kumkutanisha na dada wa kata yake aliyerudia mtihani wa hisabati na sasa yuko chuo cha ualimu.

Kwenye karakana za wachongaji wa Kimakonde jambo hili limekuwa likifanyika kwa vizazi bila kuitwa saikolojia. Mwanafunzi hapewi gogo la mpingo siku ya kwanza. Anapiga msasa kazi za wengine, anasugua mpaka nyeusi ya moyo wa mti ing'ae, na huku anaona fundi naye akipasua kipande akalazimika kubadili umbo alilokusudia. Baadaye anapewa tezo na kipande kidogo. Akikosea, fundi mzuri anaweka kidole mahali penyewe: "Hapa umekula sana, shingo itakuwa nyembamba." Anasema kuhusu shingo ya kinyago, hasemi kuhusu kichwa cha kijana. Tofauti hiyo ndiyo roho ya malezi yote ya kujiamini. Fundi anayesema "wewe huna mkono wa kazi hii" amefunga mlango, maana mkono wa mtu haurekebishiki kwa tezo.

Sifa nazo zina kanuni hiyohiyo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa shule Marekani mafumbo, wakawasifu baadhi kwa akili yao na wengine kwa bidii yao. Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi na kufanya vibaya zaidi baadaye; waliosifiwa bidii waliendelea kujaribu. Kwa hiyo mjomba anayetaka kumjenga mpwa wake asiishie kwenye "una akili kama marehemu babu yako". Amwambie: "Nimeona umezipanga hesabu hatua kwa hatua, na ile uliyokosea umerudi kuitafuta." Na mtoto asiinuliwe kwa kulinganishwa. Utafiti wa Eddie Brummelman na wenzake huko Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto wanaoambiwa na wazazi kuwa wao ni bora kuliko wengine huelekea kwenye majivuno, ilhali wanaopewa upendo na ukaribu huelekea kwenye kujithamini. Upendo na kukwezwa ni vitu viwili, na huzaa matunda tofauti.

Hapa Kusini mwa Tanzania hatuwezi kuzungumza habari hizi tukaruka jando na unyago. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mafunzo haya yamempa kijana kitu ambacho shule nyingi hazijaweza kumpa: anafundishwa, anajaribiwa, anavumilia, kisha anatoka na kupokewa na ukoo mzima kwa ngoma, nguo mpya na zawadi. Jamii inamwambia hadharani kwamba amevuka hatua. Hiyo ni hazina, na tunaiheshimu. Kinachotutia uchungu ni pale matusi na vitisho vinapotumika kama fimbo ya kufundishia, au mwali anapotoka akiamini kwamba thamani yake yote iko kwa mume atakayempata na kwamba daftari la shule sasa ni la watoto. Makungwi wana nguvu kubwa ya maneno. Somo akimwambia mwali "umekua, sasa soma kwa akili ya mtu mzima, na mwili wako una mwenyewe ambaye ni wewe", neno hilo litakaa miaka mingi kuliko hotuba yetu yoyote.

Kwa anayejisema vibaya moyoni, daftari lenye safu nne linatosha. Dakika 10 kila jioni, kwa wiki mbili kwa kuanzia. Safu ya kwanza: kilichotokea, kama kamera ingekiona ("nimepata 28 kwenye hisabati"). Ya pili: nilichojiambia ("mimi ni mjinga"). Ya tatu: ushahidi wa pande zote mbili ("maswali ya aljebra nimekosa yote, ya takwimu nimepata manne kati ya matano, nilikosa vipindi wiki mbili nikiokota korosho"). Ya nne: sentensi ya haki, ile ambayo ungemwambia mdogo wako unayempenda ("aljebra sijaijua bado, na wiki hii namwomba mwalimu anirudishe pale nilipokosa"). Wengi hukosea safu ya tatu kwa kuandika utetezi badala ya ushahidi. Kama kosa ni lako, liandike.

Mwili wenyewe unahitaji maneno machache. Mapigo ya moyo na jasho la viganja kabla ya kusema mbele ya watu ni maandalizi ya mwili. Hayathibitishi kwamba huwezi. Vuta pumzi kwa sekunde 4, itoe polepole kwa sekunde 6, kwa dakika tatu hadi tano. Lala walau saa saba, maana aliyekesha huona kila jambo kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Yapo mambo ambayo ngazi na daftari havitayatibu. Mtu anayepigwa au kutukanwa kila siku nyumbani kwake hana upungufu wa kujiamini wa kufanyia mazoezi. Anahitaji usalama kwanza, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo, kama ilivyo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa mtoto, namba ya simu ya 116 inapokea taarifa bila malipo. Na kama huzuni au kukosa hamu ya mambo imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kushindwa kula, au kujiona mzigo kwa wengine, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona hutibika. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara au ya Sokoine kwa walio Lindi. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri rufaa wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo na mtu anayemwamini. Akifika kwa daktari, aeleze hali ilianza lini, analala saa ngapi, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akishindwa kulitamka hilo la mwisho, aliyemsindikiza alitamke kwa niaba yake.